Nyanya Haisubiri Gari

 

Leo sitazungumza nanyi juu ya mbegu, wala mbolea, wala dawa ya ukungu. Mambo hayo tumekwisha kuyazungumza mara nyingi. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kilimo, na kumbe ndiyo inayotunyang'anya fedha wakati jasho letu limekwisha kumwagika. Kazi hiyo ni safari ya mazao, kutoka shambani mpaka mikononi mwa mtu atakayeyala.

Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Mwaka mmoja wakati wa masika nilikuwa na nyanya nzuri sana upande wa Ngarenanyuki. Kabla sijachuma, alikuja mnunuzi mpaka shambani. Akazitazama, akataja bei yake, akasema atazichukua zote palepale. Mimi nilimcheka. Nikamwambia, "Bwana, wewe ni mlanguzi. Bei ya mjini naijua. Nyanya zangu nitazipeleka mwenyewe." Akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi tulichuma masanduku 40. Nilikuwa nimekubaliana na dereva mmoja, kwa mdomo tu, kwamba gari lingefika saa kumi jioni. Saa kumi ikapita. Saa kumi na mbili ikapita. Mvua ikanyesha. Tukayafunika masanduku kwa turubai, tukalala macho. Gari lilikuja Ijumaa mchana, na dereva hakuwa na maneno mengi ila kwamba alipata mzigo mwingine, na barabara ilikuwa utelezi. Tulipofika soko la Kilombero mjini Arusha, jua lilikuwa linazama na wanunuzi wa jumla walikuwa wamekwisha ondoka. Tukalala tena. Jumamosi alfajiri tulipofungua masanduku, sita yalikuwa yanatoa maji kwa chini.

Niliporudi nyumbani nilimkabidhi mke wangu fedha. Zilikuwa za sare na vifaa vya mtoto aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Alizihesabu mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, hizi ndizo za masanduku yote 40?" Sikuwa na jibu. Basi mazungumzo ya leo ndiyo jibu nililolipata baadaye, baada ya kukaa chini na daftari.

Ndugu mkulima, sisi tunaoishi kuuzunguka Mlima Meru tunaujua mfereji. Maji yanaanzia juu msituni, yanapita katika mashamba ya watu wengi, ndipo yanapofika kwako. Mfereji ukitoboka mahali pamoja tu, hata kama ni mbali na shamba lako, zamu yako ikifika utakuta tope. Huwezi kusema, "Mimi kwangu nimeziba vizuri." Safari ya mazao nayo ni kama mfereji. Mazao yanatoka kwako kwenda kwa mlaji. Fedha zinatoka kwa mlaji kuja kwako. Na habari hupita pande zote mbili: wewe unampa mnunuzi habari za mzigo, naye anakupa habari za soko. Wafanyabiashara huuita mpango wote huu mnyororo wa ugavi. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe unaifanya kila unapochuma.

Hebu tuihesabu mikono inayoigusa nyanya moja. Kuna mkono wa mchumaji. Kuna mkono wa anayepanga katika sanduku. Kuna punda au bodaboda wa kulifikisha sanduku barabarani. Kuna wapakiaji, kuna dereva, kuna washushaji. Kuna mtoza ushuru. Kuna dalali. Kuna mama mwenye meza sokoni au genge mtaani. Mwisho kuna mlaji. Hiyo ni mikono tisa au kumi. Kila mkono unataka ujira wake, na kila mkono unaweza kuibonyeza nyanya. Na kati ya mkono na mkono kuna kungoja, ambako ndiko hasa mali inakooza.

Hapa lazima tuelewe tofauti ya mazao. Wazee wetu wa Meru na Arusha walilima kahawa. Kahawa ukiimenya, ukaiosha na kuikausha vizuri, inaweza kungoja. Itakaa ghalani kwako, itakwenda chama cha msingi, itakobolewa Moshi, itauzwa mnadani, itapanda meli, na bado itakuwa kahawa. Ndiyo maana ushirika wa kahawa uliweza kujengwa juu ya kungoja: mkulima anapeleka leo, malipo yanakuja kwa awamu. Lakini nyanya haisubiri. Nyanya hata ikisha chumwa ingali hai. Inapumua, inatoa joto, inapoteza maji, inaendelea kuiva. Ukiifungia mahali pa joto, inajipika yenyewe. Kwa hiyo mkulima aliyezoea mwendo wa kahawa akiingia katika nyanya, kabichi au maharage machanga, lazima abadili hesabu yake. Katika kahawa tunahesabu miezi. Katika nyanya tunahesabu saa.

Sasa tufanye hesabu. Bei hubadilika kila juma, kwa hiyo tuchukue tarakimu rahisi za mfano, nawe nyumbani utaweka za kwako.

Tuseme mnunuzi anayekuja shambani anatoa shilingi 12,000 kwa sanduku. Masanduku 40 yatakupa shilingi 480,000, nawe hutoi hata senti ya gari.

Tuseme mjini sanduku hilohilo ni shilingi 20,000. Masanduku 40 ni shilingi 800,000. Hapo ndipo macho yetu yanapong'aa. Lakini toa gharama: sanduku lenyewe, punda mpaka barabarani, gari, kupakia na kushusha, ushuru, dalali. Tuseme zote pamoja ni shilingi 6,000 kwa sanduku. Mara 40 ni shilingi 240,000. Unabaki na shilingi 560,000. Umempita mnunuzi wa shambani kwa shilingi 80,000.

Shilingi 80,000 ni sawa na masanduku mangapi kwa bei ya mjini? Ni manne tu. Yaani kati ya masanduku 40, yakiharibika manne, umesafiri bure na kulala sokoni bure. Yakiharibika sita kama yangu, unauza 34 kwa shilingi 680,000, unatoa gharama zilezile 240,000, unabaki na shilingi 440,000. Yule mlanguzi niliyemcheka angenipa 480,000, nami ningelala kitandani kwangu.

Sisemi kwamba kila siku tuuze shambani. Wala sisemi kwamba kila mnunuzi anayekuja ni mtu mwema. Wapo wanaodanganya juu ya bei, na wapo wanaoleta kipimo chao cha ajabu. Ninachosema ni kwamba tofauti kati ya bei ya shambani na bei ya mjini siyo faida inayokungoja pale bure. Tofauti hiyo ni ujira wa kazi ya kusafirisha pamoja na malipo ya hatari. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, ujira ni wako. Ukiifanya ovyo, utailipa hatari kutoka mfukoni mwako.

Labda sasa utauliza, "Je, kazi hiyo hufanywaje vizuri?" Nitaeleza kwa hatua tano.

Hatua ya kwanza ni kuanza na mnunuzi, kisha kurudi nyuma. Wengi wetu tunaanza na mbegu, tunapanda, tunapalilia, tunavuna, ndipo tunauliza, "Nitamwuzia nani?" Geuza mpango huo. Anza na siku ya soko. Tuseme unataka kuuza Tengeru siku ya Jumamosi, siku ya gulio kubwa. Basi mzigo uwe sokoni alfajiri. Kwa hiyo uwe barabarani usiku. Kwa hiyo uwe umechambuliwa na kupangwa Ijumaa jioni. Kwa hiyo uchumwe Ijumaa. Kwa hiyo dawa ya mwisho iwe imepigwa mapema, ili zile siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kopo ziwe zimekwisha. Rudi nyuma zaidi: nyanya nyingi huanza kuvunwa siku 75 hadi 90 baada ya kupandikizwa, na kabla ya hapo hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu anayetaka kuuza mwezi fulani lazima awe amesia mbegu karibu miezi minne nyuma, na mbegu yenyewe awe ameinunua mapema, yenye lebo ya TOSCI, siyo ya kuokoteza siku ya mwisho. Unaona? Siku ya kuuza ndiyo inayoamua siku ya kusia.

Na hapo kuna onyo. Wakati nyanya zina bei kubwa, kijiji kizima hukimbilia kusia. Miezi minne baadaye zote zinaiva pamoja, bei inaanguka, watu wanamwagia ng'ombe. Bei ya leo inakuambia waliosia miezi minne iliyopita walikuwa wachache. Haikuambii watakaovuna pamoja nawe watakuwa wangapi. Kwa habari hiyo, tembea mpaka kwa majirani utazame vitalu vyao.

Hatua ya pili ni kuchuma kwa kadiri ya safari. Kwa soko la jirani, la siku hiyohiyo, chuma zilizoiva lakini zingali ngumu. Kwa safari ya siku moja au mbili, chuma zile zilizoanza kugeuka rangi kitakoni. Zitaendelea kuiva njiani. Usichanganye zote katika sanduku moja, kwa maana nyanya iliyoiva huziivisha jirani zake, na iliyooza huzioza. Chuma asubuhi umande ukisha kauka, au jioni jua likisha pungua. Weka kivulini mara moja. Hata kivuli cha mgomba ni bora kuliko turubai jeusi juani.

Hata uchaguzi wa mbegu ni sehemu ya safari. Mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa hapahapa Arusha, zilipendwa na wakulima na wachuuzi kwa kuwa tunda lake ni gumu na hukaa muda mrefu kuliko mbegu za zamani. Kabla ya kununua mbegu yoyote usiulize tu itazaa kiasi gani. Uliza pia, "Ngozi yake itavumilia barabara yetu?"

Hatua ya tatu ni kuchambua na kufungasha. Nyanya mbaya ibaki nyumbani. Rudi kwenye hesabu yetu: kama ningeyaacha nyumbani yale masanduku sita ya nyanya dhaifu, nisingelipa shilingi 6,000 za kila moja. Ningebaki na shilingi 476,000 badala ya 440,000. Nyanya bovu inalipa nauli sawasawa na nyanya nzima, kisha inamharibia mwenzake.

Sanduku lisiwe refu mno, maana zile za chini hubeba uzito wa zote za juu. Ondoa misumari na vibanzi. Weka karatasi kavu chini na pembeni. Acha nafasi ya hewa kupita. Na usijaze mpaka nyanya zichomoze juu ya ukingo, kwa kuwa sanduku jingine litakaa juu yake. Tabia ya lumbesa, kujaza magunia ya vitunguu, viazi au kabichi mpaka yaote kichwa, inatuumiza sisi wenyewe: tunatoa gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza mfungashio wa mazao unaozidi kilo 100. Mnunuzi akidai lumbesa, jueni anawatoza kodi ambayo haikupitishwa na mtu yeyote. Lakini mkulima mmoja akikataa peke yake, mnunuzi anakwenda kwa jirani. Hilo ni jambo la kukubaliana kijiji kizima.

Hatua ya nne ni gari. Gari tupu nusu ni ghali kuliko gari lililojaa, kwa sababu mafuta na dereva ni vilevile. Mimi nilikodi gari kwa masanduku 40 wakati lingeweza kubeba 100 na zaidi. Laiti ningewaona majirani wawili watatu, tungechanga nauli. Tena dereva mwenye mzigo mkubwa unaomngoja hawezi kukuacha kirahisi akachukue mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Msidhani jambo hili ni la wadogo tu. Tunao Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, katikati ya Arusha na Moshi, karibu kabisa na mashamba yetu. Hata hivyo, kwa miaka mingi maua na mboga nyingi za Arusha zinazokwenda Ulaya zimekuwa zikipakiwa kwenye magari, zinapita Namanga, zinakwenda kupandia ndege Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 270. Kwa nini? Kwa sababu Nairobi kuna ndege nyingi, na ndege huenda penye mzigo mwingi. Ndege haiji kuchukua nusu ya tumbo lake, na mzigo haukusanyiki mahali pasipo na ndege. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Mwezi Juni 2023 Shirika la Ndege la Tanzania lilipokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767, yenye uwezo wa kubeba tani 54. Ndege ya tani 54 inataka mzigo unaokuja kila juma bila kukosa, siyo leo mwingi, kesho hakuna. Na lori la kijijini kwenu linataka hivyohivyo.

Katika hatua hii ya nne kuna jambo jingine: uwe na njia ya pili. Kabla ya kuchuma, uwe na namba za simu za madereva wawili, na za wanunuzi wawili. Piga simu kabla ya kuchuma, usipige baada ya kuchuma. Nyanya iliyo juu ya mti inaweza kungoja siku mbili; iliyo ndani ya sanduku haiwezi. Kama barabara imekatika, au bei imeanguka asubuhi ile, punguza uchumaji.

Hatua ya tano ni makubaliano na daftari. Wengi wetu huacha mzigo kwa mali kauli: chukua, ukiuza utanilipa. Pengine hakuna njia nyingine. Lakini hata mali kauli iandikwe: masanduku mangapi, ya daraja gani, bei gani, nani analipa gari, yakioza ni ya nani, fedha zitatumwa kwa simu siku gani. Andika mbele yake, naye aweke sahihi. Mtu mwaminifu hakasiriki.

Nyumbani andika kila safari: tarehe, masanduku yaliyotoka, yaliyouzwa, yaliyooza, kila gharama, na saa ambayo gari lilifika. Baada ya safari tano utaona mfereji wako unavuja wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Upande wa ushuru nako dai risiti. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali iliondoa ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mambo ya ushuru hubadilika, kwa hiyo kabla ya msimu ulizeni halmashauri yenu kiwango cha mwaka huo, msiulize kizuizini usiku.

Ndugu wakulima, hayo ndiyo mambo matano. Sasa nataka tutazame mbali kidogo, kwa sababu sisi wa Arusha soko letu halikomei Kilombero. Mpaka wa Namanga uko kilomita kama 110 tu kutoka mjini, na nyuma yake kuna walaji wa Nairobi.

Wazee wanakumbuka kwamba mwezi Februari 1977, mwaka ileile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, mpaka kati yetu na Kenya ulifungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba, barabara ipo, lami ipo, magari yapo, lakini mzigo haupiti. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, malori yalipanga foleni ndefu pale Namanga yakingoja vipimo vya madereva. Na mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, pamoja na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango.

Tunajifunza nini? La kwanza, asiwepo mkulima anayetegemea njia moja tu na mnunuzi mmoja tu. Ukiuza Nairobi, mjue pia mtu wa Arusha na wa Moshi, hata kama bei yake ni ndogo kidogo. La pili, jambo linalolisimamisha lori Namanga linaweza kuwa limeanzia uani kwako. Sumukuvu huanza pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo mtupu, au yanapowekwa ghalani kabla hayajakauka. Mtu aliyeanika juu ya turubai, akangoja yakauke sawasawa, huyo ameanza kuvuka mpaka akiwa nyumbani kwake.

La tatu, karatasi nazo ni sehemu ya mzigo. Tangu mwaka 2018 Namanga kuna kituo cha pamoja, ambapo maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi mahali pamoja. Kwa mzigo mdogo wa bidhaa zilizolimwa nchini, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa palepale mpakani. Mimea nayo hudai cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka inayohusika, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha. Ulizeni mapema. Kupita njia za panya usiku ni kuongeza mikono mingine isiyo na risiti.

Ndugu zangu, nimalizie pale nilipoanzia. Msimu uliofuata nilirudi shambani na daftari. Tulikaa majirani watatu, tukapanga siku moja ya kuchuma na gari moja. Tuliandikiana na dereva, na wa pili tukamweka akiba. Nyanya dhaifu zilibaki nyumbani, nyingine zikaliwa, nyingine zikauzwa palepale kijijini kwa bei ndogo. Siyo kila safari ilikuwa nzuri. Safari moja bei ilianguka, nasi tukamwita yule yule mnunuzi niliyemcheka. Alikuja. Safari hii sikumwita mlanguzi. Nilimwonyesha hesabu yangu ya gharama za njia, tukajadiliana bei kama watu wawili wenye kazi, akaongeza kidogo, nami nikaridhika.

Na mke wangu ndiye anayeshika daftari sasa. Nikirudi kutoka sokoni hanihesabii fedha mara mbili tena. Ananiuliza swali moja tu: "Yameoza mangapi?" Ndilo swali ninalotaka na wewe ujiulize kila safari, kabla hujamlaumu mtu yeyote.

Kwa leo mazungumzo yetu yanaishia hapa. Nawatakieni kazi njema, na mavuno yenu yafike salama. Kwaherini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ihesabuni mikono yote inayogusa zao lenu kuu kutoka shambani mpaka kwa mlaji. Ni wapi zao hungoja muda mrefu zaidi, na kwa nini?

2. Fanyeni hesabu ya zao moja kwa bei za juma hili. Ni masanduku au magunia mangapi yakiharibika njiani, ndipo kuuza shambani kunakuwa bora kuliko kupeleka mjini?

3. Chagueni siku moja ya soko. Rudini nyuma mpaka siku ya kusia mbegu, na kuandika tarehe za kila kazi.

4. Ni majirani wangapi kati yenu wanaweza kuchanga gari moja? Ni nani atakayeshika daftari la pamoja?

5. Je, kijiji chenu kinaweza kukubaliana kukataa lumbesa? Mtafanya nini kwa yule atakayevunja makubaliano?